Mtwarwa wa Kahigi

Babu mzaa mama hakuwa na kisa na Wajerumani. Kisa alikuwa nacho na Kahigi, Mukama, yaani mfalme, wa Kianja, na hata miaka ya 1950, Mukama huyo akiwa ameshazikwa zamani, alimtaja kwa sauti ya chini.

Shuleni tulifundishwa kwamba Emin Pasha alifika Bukoba Novemba 1890 akaanzisha boma la Wajerumani. Hatukuambiwa kwamba Julai ya mwaka huohuo Waingereza na Wajerumani walishagawana huko Ulaya, mpaka wao ukipita digrii moja kusini mwa ikweta. Kaskazini, ufalme mdogo wa Kooki uliingizwa Buganda mwaka 1896, Mwingereza akisimamia. Upande wetu wa Bukoba mambo yalikwenda karibu vivyo hivyo.

Kiziba, Bugabo, Kyamutwara, Ihangiro, Kianja: kila ufalme ulikuwa na ngoma zake na katikiro wake, yaani waziri mkuu, na kila mmoja ulimwogopa jirani kuliko mgeni. Kahigi aliwahi kufanya urafiki na boma, naye akaongezewa ardhi ya wenzake. Simlaumu sana, wangewahi wao, wangefanya hivyohivyo. Tangu 1906, Bukoba ilipowekwa chini ya Rezidenti, Wajerumani walitawala kwa kupitia Bakama, wafalme hao.

Kilima cha kina babu kikaangukia mikononi mwa Kahigi, kisha ikaja nyarubanja, mfumo wa Mukama kuwagawia wapambe wake vibanja vya watu. Vibanja vya ukoo vilikabidhiwa kwa mpambe mmoja wa Mukama. Migomba ni ileile, mibuni ileile, lakini babu akawa mtwarwa, mpangaji wa mpambe huyo, pale pale lilipo kaburi la baba yake.

Nilimsindikiza mara kadhaa kupeleka rubisi, pombe ya ndizi, kwa mtoto wa yule mpambe. Kibuyu kilizibwa kwa jani la mgomba, na njia nzima babu hakukubali nikibebe. Tulipofika alivua viatu langoni, akapiga magoti, akakitoa kwa mikono miwili: "Waitu, nimeleta." Yule bwana, mdogo kwake kwa umri, akaonyesha pembeni kwa kidole. Hata akamwani hatukupewa, nayo ni kahawa ya kutafuna ambayo kwetu hata mpita njia hupewa.

Mwaka 1963 utawala wa Bakama ulifutwa, na 1965 ikatoka sheria ya kuwapa watwarwa vibanja vyao. Babu aliifikia. Mjomba alipokuja mbio kutoka mkutanoni kumpasha habari, babu aliuliza kwanza ni nani anayeandika majina.