Picha Iliyonivusha Bahari

Nilikuwa sijawahi kuvuka bahari. Kilichonivusha ni picha ya nyeusi na nyeupe ya harusi ya bibi mmoja, mteja wa steshenari yangu Morogoro, iliyopigwa Unguja enzi za ujana wake. Aliitaka kubwa, kwenye karatasi ya kung'aa. Nikaiskani, nikachapa, chini ya taa ya dukani ilipendeza. Alipotoka nayo juani, bwana harusi akageuka kijani.

"Mjukuu wangu," akasema, "mume wangu hakuwa kinyonga."

Boti kutoka Dar ilichukua karibu saa mbili. Chai niliyokunywa bandarini haikufika Unguja, hayo tuyaache. Nikashuka Malindi nikiulizia Shangani, kwani nilishasikia habari za Capital Art Studio, studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Ukutani majahazi, maharusi, vichochoro vya Mji Mkongwe. Nikasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Weusi mtupu, bila tone la kijani. Kisha nikajicheka: picha za zamani za namna ile hazina wino. Weusi wake ni chembe za fedha ndani ya jelatini, zilizoibuliwa kwa dawa kwenye chumba cha giza.

Jibu langu nililipata Darajani, kwa mzee mmoja mchapaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulichapa kwa rangi au kwa nyeusi?"

Kwa rangi, nikakiri. Nyeusi peke yake iliwahi kunitia madoadoa kwenye mashavu ya watu, kwa sababu printa yangu ina weusi mmoja tu na hauwezi kuwa kijivu. Hunyunyiza nukta chache na kuacha karatasi ionekane. Basi nikaiachia ichanganye buluu, waridi na njano. Mchanganyiko huo ndio unaobadilika mwanga ukibadilika.

Mashine yake ilikuwa na kijivu cha aina mbili na weusi wa aina mbili. Akachukua kipande cha karatasi ya kung'aa kilichochapwa kwa weusi wa karatasi isiyong'aa, akapitisha kidole gumba. Kidole kikatoka cheusi kama cha mpiga kura. "Huu hauzami, unakaa juu," akasema. Kuhama kutoka weusi huu kwenda ule, mashine yake hunywa wino mwingi kusafisha mirija, kwa hiyo kazi za kung'aa huzikusanya na kuzichapa siku moja.

Bahati yangu, siku yenyewe ilikuwa hiyo. Akachagua karatasi ya kung'aa, akaweka hali ya nyeusi na nyeupe, ambayo hutegemea zaidi vile vijivu na kuongeza rangi kidogo sana, akapunguza giza kidogo ili koti la bwana harusi lisimeze vifungo. Alipoichapa hakuniruhusu kuifunga picha siku ile. Ililala mezani hadi kesho yake, ikikauka.

Printa yangu bado ina weusi mmoja, na sichapi tena picha za namna hiyo, nazituma Darajani.

Bibi alipoipokea hakuitazama ndani. Aliipeleka moja kwa moja juani, akasimama nayo, kisha akarudi kulipa.