Maji Karibu na Umeme

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, alikuwapo kijana aliyejipatia riziki kwa kuhariri filamu za arusi katika kompyuta yake ya mezani. Kila alasiri, jua lilipopamba moto, feni za mashine ile zilivuma kama mzinga wa nyuki. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ilipokaribia nyuzi 100 za sentigredi ilijipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Kazi ikachelewa, na wenye arusi wakanung'unika.

Kwanza alifungua sanduku, akapangusa vumbi, akabadili na ule ute unaopitisha joto kati ya prosesa na kipozeo chake. Nafuu ilipatikana, ila haikutosha. Ndipo alipoazimia kuipoza kwa maji.

Mama yake alishtuka. "Mwanangu, tangu lini maji na umeme vikalala chumba kimoja?"

Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani mashine ilinunuliwa kwa akiba yake mama. Kijana akamweleza kwa upole kuwa jambo lile si geni: mashine kubwa ya IBM 3081, iliyotangazwa mwaka 1980, ilipozwa kwa maji. Bamba la shaba hukaa juu ya prosesa. Pampu huyasukuma maji yapite ndani yake, yachukue joto na kulifikisha kwenye rejeta, na feni hulipeperusha nje, kama ilivyo katika motokaa. Maji hayaliui joto, hulihamisha tu. Kwa hiyo prosesa haiwezi kuwa baridi kuliko chumba ilimo.

Mama akashauri yatumike maji ya bomba yaliyochemshwa. Kijana akamwonyesha ukoko mweupe ndani ya birika: kuchemsha huua vijidudu, bali chumvi hubaki, na njia za maji ndani ya bamba ni nyembamba mno. Akanunua maji safi ya betri, akakisoma kibandiko mara mbili asije akauziwa tindikali, kisha akatia dawa ya kuzuia mwani na kutu. Rejeta nayo aliitafuta ya shaba, maana alumini ikikutana na shaba katika maji yale yale, huliwa polepole.

Siku ya kujaza ilipowadia, umeme ulipelekwa kwenye pampu peke yake. Sehemu nyingine zote za kompyuta zilikatiwa. Tangi dogo liliwekwa juu ya pampu, ili pampu isizunguke pakavu. Chini ya kila kiungo cha mpira pakatandazwa karatasi nyeupe.

"Kaka, washa yote tuone!" alihimiza mdogo wake.

"Mwenye pupa hadiriki kula tamu," mama akajibu. Wakakubaliana kungoja saa 24.

Usiku wa manane mama aliamka, akawasha tochi. Chini ya kiungo kimoja karatasi ilikuwa imelowa, doa lisilozidi ukubwa wa sarafu. Alimwamsha mwanawe, pampu ikazimwa, kiungo kikakazwa, karatasi ikabadilishwa, na saa 24 zikaanza kuhesabiwa upya.

Safari hii karatasi zilibaki kavu. Kompyuta ikawashwa, na alasiri ile filamu ya arusi ikakamilika bila mashine kulegeza mwendo.

Tangu hapo, kila mwanzo wa mwezi, mama ndiye anayetangulia kuinama na tochi yake na kukagua viungo, kabla mwanawe hajaketi kazini.