Kishikwambi Chomboni: Safari ya Amu hadi Faza

Anayetoka Amu kwenda Pate kwa bahari hana budi kuzijua nyakati za maji. Mbele ya gati la Amu bahari ni pana ya kutosha, na kisiwa cha Manda kimelala ng'ambo kama ukuta. Chombo kikishaelekea kaskazini, njia hujifinya ikawa Mkanda, mfereji mwembamba uliobanwa na mikoko ya Manda upande mmoja na mikoko ya bara upande wa pili. Vizazi vya manahodha vimeipita njia hii kwa kungojea maji yajae, na asiyengojea alilaza chombo chake matopeni mpaka bahari ilipomhurumia.

Ukishatoka Mkanda unafunguka katika Ghuba ya Manda, na hapo macho hupokewa na jambo jipya. Upande wa bara zimesimama winchi za bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Sakafu ya bahari ilichimbwa ili meli kubwa zipate kuingia. Ramani iliyochapwa kabla ya kazi hiyo haiwezi kuijua bandari, wala kina kipya, wala maboya ya kuongozea meli. Pwani yetu ilipimwa na wanamaji wa Kiingereza waliokuwa chini ya Kapteni William Owen katika miaka ya 1820, nao walipima kwa bildi, kamba yenye risasi. Tangu hapo mafungu ya mchanga yamehama na binadamu naye amechimba. Kwa hiyo swali la ramani ipi iaminiwe lina umri mrefu kuliko kishikwambi.

Swali hilo ndilo lililonipandisha katika mashua ya shemeji yangu msimu wa matlai, bahari ilipokuwa imetulia baada ya kusi. Mashua hiyo ya tanga hubeba jamaa na majirani: maharusi na mizigo yao, wazee waendao kliniki, akina mama na watoto wanaokwenda Amu kwa Maulidi ya Mfungo Sita. Shemeji ameongoza chombo tangu ujana wake, lakini sasa jicho lake moja limeingia mtoto wa jicho. Mchana anaona, magharibi ikishaingia, alama za pwani humpotea. Mwanawe wa miaka 19 ndiye atakayeshika usukani. Dada yangu alikuwa ameweka akiba ya kushona kanzu na buibui mpaka akanunua kishikwambi, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, wewe husoma mambo haya. Fuatana nasi, tuchague programu ya njia ya bahari. Sitaki mwanangu aongoze watoto wa watu kwa kubahatisha."

Jambo la kwanza tulilolihakikisha ni kama kile chombo kinajua kilipo. Wengi hudhani kwamba GPS huhitaji intaneti. Haihitaji, kifaa hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja, hata pale ambapo mtandao wa simu umekatika, na katika safari yetu ulikuwa ukija na kuondoka kama upepo wa mwisho wa msimu. Hata hivyo si kila kishikwambi kina kipokezi cha GPS. iPad isiyo na nafasi ya mtandao wa simu, ile inayotumia Wi-Fi peke yake, haina kipokezi hicho, na mwenye nayo hulazimika kununua kipokezi cha pembeni. Vishikwambi vingi vya Android vinacho, lakini si vyote. Mnunuzi na aulize dukani kabla ya kutoa fedha. Cha dada yangu kilikuwa nacho, alhamdulillahi.

Jambo la pili ni ramani yenyewe. Programu za barabara ambazo sote tunazo simuni huonyesha bahari kama kitambaa cha buluu kisicho na kina wala mwamba. Kumfuata kiongozi wa namna hiyo ni kumfuata kipofu. Tukazitazama mbili za kazi hii. Ya kwanza ni Navionics, ambayo hulipiwa kila mwaka. Ni nyepesi kujifunza, na ramani zake hupakuliwa mapema nyumbani ili zifanye kazi baharini pasipo mtandao. Ya pili ni OpenCPN, iliyotengenezwa na mabaharia wanaojitolea. Kwenye kompyuta ni ya bure, kwenye Android hulipiwa kidogo mara moja, na kwenye iPad haipatikani. Hii huja bila ramani kamili, na mwenyewe hutafuta na kuzipakia. Mabaharia wengine hupakia humo picha za setilaiti, na katika maji maangavu picha hizo huonyesha miamba kwa rangi yake. Kuizoea huchukua siku nyingi zaidi.

Kijana aliipenda ya kwanza kwa uzuri wake. Nikamsimulia habari ya mashua Vestas Wind. Mwezi Novemba 2014, katika mashindano ya kuizunguka dunia, mashua hiyo ilikuwa ikivuka Bahari yetu ya Hindi kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi. Ilikuwa na vyombo bora vya elektroniki na mabaharia wa sifa. Usiku wa tarehe 29 ilipanda juu ya mwamba wa Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa Morisi, ikiwa kasi kamili. Mwamba huo ulikuwamo katika ramani za elektroniki; lakini ramani zilipotazamwa kwa upana, ili bahari nzima ionekane, mwamba ulifichika, na wakadhani wanapita juu ya maji yenye kina kikubwa. Ukiikuza ramani, mwamba ulijitokeza. Watu wote tisa waliokolewa. Mashua iliachwa mwambani, ikaja kuondolewa baadaye.

Basi hapo tukapata kipimo kisicho katika matangazo ya biashara: programu ni lazima iulizwe inaficha nini inapotazamwa kwa mbali. Ramani iliyochorwa kwa data hupunguza maandishi ili kioo kisisongamane, na katika kupunguza huweza kupunguza hatari yenyewe. Ramani iliyo picha ya karatasi haifichi kitu, ila ukiikuza mno haikuongezei elimu. Kwa sababu hiyo mwongozaji huikuza njia yake yote, hatua kwa hatua, jioni ya kabla ya safari, akiwa ameketi barazani na chai yake, wala hangojei awe kizani huku tanga limejaa upepo.

Tulipokaribia mdomo wa Mkanda, shemeji alimtazama mwanawe na kioo chake, akasema, "Mwanangu, hicho kinakuambia ulipo. Hakikuambii maji yamelala vipi leo."

Alisema kweli. Kina kilichoandikwa kwenye ramani huhesabiwa kutoka maji yakiwa yametoka sana, na juu yake huongezwa kimo cha maji ya saa ile. Kwenye pwani ya Kenya tofauti ya maji kujaa na maji kupwa, wakati wa bamvua kubwa, huweza kukaribia mita 4. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la maji la kila mwaka, na nahodha mwenye kishikwambi na asiye nacho wote wanalihitaji. Lakini akina mama pia wana jedwali lao. Anayefunga Siku Nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi, anajua kwamba bamvua iko mlangoni, kwa maana maji huwa makubwa mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuchelewa siku moja au mbili. Katikati yake huwa maji mafu. Hesabu hii ya nyumbani ilimfanya dada yangu aulize swali la maana kuliko yetu sote: "Je, programu hii itakubali kuandikwa anayoyajua babake?"

Swali hilo ndilo lililokata shauri. Tulipopita Mtangawanda na kuizunguka Pate kwa upande wa bara, shemeji alikaa kando ya mwanawe akitaja alama moja baada ya nyingine: mti uliopinda, fungu linalohama kila kusi, mahali ambapo upondo hugusa mchanga kabla ya mwamba. Kijana alizitia alama hizo kwenye OpenCPN kwa majina yale yale ya babake, na programu ikaihifadhi njia nzima tuliyopita kama uzi juu ya ramani. Njia hiyo hutolewa kama faili, ikawekwa kwenye simu ya dada na kwenye simu ya ami yake kijana. Programu nyingine nazo huhifadhi njia. Lakini hii haitaki ada ya kila mwaka, na elimu ya mzee haitafungiwa na malipo yaliyochelewa. Tulifika Faza jua likiwa bado juu, na alama zilikuwa zimefika ishirini na tatu.

Shemeji hakukubali upondo ushushwe wala dira iondolewe. Kishikwambi kikikaa juani hupata joto na kujizima, maji ya chumvi hukila, na betri huisha. Kikatiwa ndani ya mfuko usiopenya maji, kikawekwa kivulini, kikapewa betri ya akiba. Jambo moja dogo lafaa lijulikane na kila nyumba: mfuniko wenye sumaku hupotosha dira ya kifaa, na pamoja nayo mshale wa kibla. Uondoeni mfuniko kabla ya kuuamini mshale huo, chomboni hata nyumbani.

Ewe dada unayepanda mashua na watoto wako, huna haja ya kujua kuongoza ili uwe na haki ya kuuliza. Muulize nahodha kwa adabu: ramani yako ni ya mwaka gani? Maji yatajaa saa ngapi? Je, kioo kikizima, njia utaijua kwa nini? Na maboya ya kujiokolea, yanatosha kila kichwa, na wadogo pia? Nahodha mwema hatakasirika, kwa kuwa naye ana watoto wanaomngojea gatini. Na iwapo nyumbani kwenu yuko mzee ajuaye njia za maji, mketisheni na kijana msimu huu, kioo kikiwa katikati yao, macho yake yangali yanaona alama.