Ukali wa Baba Zetu na Ukali wa Sasa

Vijana wa huku Igogwe huniuliza: kati ya Wakristo na Waislamu, wapi kuna watu wa msimamo mkali zaidi? Wengi wao wanataka nitaje Waislamu. Wamekua wakisikia habari za mabomu, na katika milima hii yetu ya Rungwe Mwislamu ni jirani wa kuhesabika, kwa hiyo ni rahisi kumsemea. Nawajibu kwamba msimamo mkali wa dini wa kwanza kuonekana huku kwetu ulikuwa wa Kikristo, uliletwa na watu wema, na ndio ulionilea.

Mwaka 1891 Wamoravian walipiga kambi chini ya Mlima Rungwe. Mwaka huohuo Walutheri wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakaingia nao Unyakyusa. Mmoja wa Wamoravian wale alikufa kwa homa kabla hajaanza kazi. Waliobaki walijenga, wakajifunza lugha yetu, wakafundisha watu kusoma, na wakaweka sheria. Aliyebatizwa asinywe pombe. Asicheze ngoma ya kilio. Asiende kwenye tambiko. Mwenye wake wengi abaki na mmoja. Aliyeanguka alitengwa, akakaa nje ya Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya kusanyiko. Wabatizwa wengi walihamia karibu na misheni, mbali na ndugu zao, ili wasivutwe kurudi nyuma.

Sheria ile ya wake ndiyo iliyouma kuliko zote. Fikiria mwanamke aliyeolewa kwa ng'ombe halali, amezaa, ana shamba lake la migomba, kisha anaambiwa kwamba yeye ndiye dhambi ya mumewe na aondoke. Nilizisikia habari hizo kwa bibi zetu, na hawakuzisimulia kwa sauti kubwa. Haishangazi kwamba miaka ya 1920 lilipotokea Nyasaland kanisa la Jordan Msumba, Kanisa la Mwisho la Mungu na Kristo Wake, lililowapokea wenye wake wengi, watu wa Rungwe walilikimbilia. Wakati huo wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa na vita, na Waskoti wa Livingstonia ndio waliokuwa wakilitunza kundi. Watu wa Mnara wa Mlinzi nao walipita wakitangaza kwamba mwisho wa dunia u karibu. Kwa hiyo kijana anayedhani manabii wa siku za mwisho wameanza juzi Mbeya mjini, ajue babu yake alishawasikia.

Hata hivyo, nikiupima ukali wa baba zetu, naona jambo moja ambalo silioni katika ukali wa sasa. Uliwabana wao wenyewe kwanza. Baba yangu hakuonja pombe maisha yake yote. Lakini kaka yake, ambaye hakubatizwa mpaka kufa, alipofariki, baba alikaa kilioni siku zote, akachangia, akachimba kaburi pamoja na walewale waliokuwa wakinywa. Hakuna mchungaji aliyemzuia, na angezuiwa asingesikia. Pili, ukali ule ulimsukuma mtoto kwenda shule. Mzazi aliyemficha mtoto nyumbani achunge ng'ombe alionywa kanisani. Na mgonjwa alipelekwa kwa daktari. Wakatoliki, ambao Roma iliwaundia eneo la kimisheni la Tukuyu mwaka 1932, walikuja kujenga hospitali hapa Igogwe, na hakuna aliyewahi kuulizwa mlangoni ni wa dini gani. Mmoravian, Mlutheri, Mwislamu, na yule aliyebaki na Kyala, Mungu wa mababu, wote wamelala wodi moja.

Waislamu wetu wa Tukuyu nao wana historia yao. Wengine ni uzao wa askari waliokuja na Wajerumani kwenye boma la Langenburg, wengine wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani na kutoka upande wa Karonga. Hawakuwa wengi, na hakuna aliyewaogopa. Tulipochinja ng'ombe wa harusi, tulimwita Mwislamu achinje, ili kila mgeni ale. Hakuna serikali iliyotuamuru. Ilikuwa adabu tu ya mwenye shughuli kwa wageni wake.

Adabu hiyo ndiyo iliyokuja kumwaga damu. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, Wakristo walitaka kuchinja na kuuza nyama yao wenyewe, ugomvi ukazuka, na mchungaji Mathayo Kachila akauawa. Aprili mwaka huohuo ugomvi huohuo ukafika Tunduma, mpakani na Zambia, wakati ule ikiwa bado mkoa wetu wa Mbeya. Polisi walipiga mabomu ya machozi, maduka yakafungwa. Nililia nilipopata habari ile, kwa sababu Tunduma si Mogadishu wala Baghdad. Ni mahali ambapo watu wa huku hupeleka ndizi na viazi. Na waliokuwa barabarani walikuwa vijana wa pande zote mbili, wamesoma shule za serikali, wameimba wimbo mmoja wa taifa kila asubuhi.

Vijana hao walitoka wapi? Kizazi changu kilikua na kitu kingine cha kuamini kando ya dini. Tulikwenda sekondari za kuchanganyika, tukalala bweni moja na watoto wa Kilwa, Pemba na Bukoba, tukapita JKT, na baadhi yetu tukapigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 bila kumuuliza aliye kushoto kwetu anasali Ijumaa au Jumapili. Miaka ya 1980 kitu kile kilidhoofika. Maduka yalikuwa matupu, zahanati hazina dawa, na viongozi waliotuhimiza kujitegemea wakaanza kusema lugha nyingine. Pengo lile lilijazwa na kipaza sauti. Upande mmoja kulikuwa na mikutano ya injili viwanjani, kina Moses Kulola wakihubiri kuokoka na kuponywa. Upande wa pili kulikuwa na mihadhara ya wahubiri wa Kiislamu walioshika Biblia mkononi kuthibitisha kwamba Yesu hakuwa Mungu, hasa baada ya ziara ya Ahmed Deedat wa Afrika Kusini mwanzoni mwa muongo ule. Kanda za kaseti zilipita mkono kwa mkono mpaka kwenye mabasi ya Kyela. Kijana Mkristo na kijana Mwislamu walifundishwa mchezo mmoja: kukipekua kitabu cha mwenzako utafute kosa. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa Dar es Salaam. Februari 1998 watu waliuawa kwa risasi za polisi Mwembechai, na kilichozusha yote yalikuwa malalamiko juu ya mihadhara hiyo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Wakristo wenzangu hawapendi kulisikia. Misimamo hii miwili, ingawa ilizaliwa wakati mmoja, haikunyonya ziwa moja. Shule nyingi za wakoloni zilikuwa za misheni, na mzazi wa Kiislamu aliogopa kwamba mtoto akiingia ataitwa Petro akitoka. Sisi wa Rungwe tuliingia, tukapata ualimu, ukarani na uuguzi. Uhuru ulipofika, Waislamu waliopigania nchi hii pamoja na Nyerere tangu siku za TANU walijikuta nyuma kwenye ofisi. Kisha mwaka 1968 jumuiya yao ya Afrika Mashariki ikapigwa marufuku, ikaja BAKWATA, na wengi wakaiona ni chombo cha serikali. Ndiyo maana Mwislamu wa msimamo mkali wa Tanzania huzungumzia mahakama ya kadhi, sensa, ajira na nafasi za masomo. Hoja zake, hata pale anapokosea, zinaelekea serikalini. Mkristo wa msimamo mkali wa kizazi hikihiki huzungumzia mapepo, laana ya ukoo, ugonjwa na umaskini, na hoja zake zinaelekea kwenye mwili na kwenye mfuko. Mmoja hutafuta sheria, mwingine hutafuta nabii. Wa kwanza huitisha maandamano na serikali ikamwona upesi. Wa pili hupandisha turubai nyuma ya nyumba, na hakuna anayemwona mpaka watu wafe. Februari 2020 watu 20 walikanyagana wakafa mjini Moshi wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Wangekufa watu 20 kwenye mhadhara wa Kiislamu, nchi ingezungumza mwaka mzima.

Wasomi hutuambia mizizi iko mbali. Marekani, kati ya mwaka 1910 na 1915, vilichapwa vijitabu vya kutetea kila neno la Biblia dhidi ya elimu mpya, vikasambazwa bure kwa wachungaji. Najd, Arabuni, tangu mwaka 1744 Muhammad ibn Abd al-Wahhab na ukoo wa Saud walishikana mikono kuusafisha Uislamu kwa upanga. Ni kweli, na fedha na vitabu vya kutoka pande hizo vilifika kwetu. Lakini mbegu ya kigeni haioti bila ardhi, na ardhi ilikuwa ile niliyoieleza.

Kinachonitisha zaidi ni pale njia hizi mbili zinapokutana tena mbele. Tazama msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya. Paul Mackenzie aliwaambia wafuasi wake kwamba shule ni ya shetani, kisha hospitali, kisha chakula. Tangu Aprili 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, zikiwemo za watoto wengi. Tazama Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa watu wanaosema Kimwani kilicho ndugu wa Kiswahili. Kabla ya kushambulia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, vijana wa msimamo mkali wa huko walianza kwa kuwakataza watu shule za serikali na hospitali, na kuwatukana mashehe wazee, wakiingia na viatu kwenye misikiti waliyosema imepotoka. Mmoja anashika Biblia, mwingine Kurani. Hatua za mwanzo ni zilezile: mtoto anaondolewa darasani, mgonjwa anaondolewa kitandani, na mzee anaondolewa kwenye kikao. Mwisho unatofautiana kwa silaha tu, njaa huku na risasi kule. Kanungu, Uganda, Machi 2000, ulikuwa moto, na waliofungiwa kanisani walikuwa wameahidiwa mbingu na watu waliotoka Kanisa Katoliki lenye amri zilezile kumi ninazozisoma mimi.

Wala asinijie mtu kusema kwamba dini moja ina dawa ndani yake na nyingine ina sumu tu. Tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab waliwatenga Wakristo na Waislamu katika Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148. Desemba mwaka uleule walisimamisha basi Mandera wakitaka kufanya vilevile. Abiria Waislamu walikataa. Waliwapa Wakristo hijabu wajifunike, wakawaambia washambuliaji waue wote au waache wote. Salah Farah, mwalimu, Mwislamu, alipigwa risasi pale akafa Januari 2016 hospitalini. Hakuwa mlegevu wa dini. Aliishika kwa mkono mzima, kama baba yangu alivyoishika ya kwake, na ndiyo iliyomfanya abaki amesimama kando ya mgeni.

Kwa hiyo simwogopi kijana anayefunga siku tatu, wala binti anayevaa nikabu, wala kwaya inayokesha mpaka jogoo awike. Wafanye. Dini isiyomkataza mtu chochote haimfai. Ninachokiogopa nakiona hapa kwetu kwa macho yangu. Nimeona mama ameambiwa na mtumishi aliyekuja na gari aache vidonge vya sukari kwa sababu ameshapona. Nimeona kijana amekataa kumzika baba mkubwa wake kwa kuwa ukoo una laana. Nimesikia kijana mwingine, aliyerudi kutoka masomoni, akimwambia babu yake Mwislamu kwamba maulidi aliyosoma miaka yote ni uzushi na asipeleke tena watoto. Watu hawa watatu hawajui kwamba wanafanana.

Nawaomba wazee wenzangu wa Rungwe, wa kanisani na wa msikitini: tusikae tukisubiri serikali ya wilaya. Mtoto akiacha shule kwa sababu ya mahubiri, mgonjwa akinyang'anywa dawa kwa sababu ya maombi, tuitane siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa kitongoji, shehe na mchungaji wakiwepo. Mashehe wazee wa Cabo Delgado waliwalalamikia vijana wale kwa serikali yao kabla ya risasi ya kwanza. Mackenzie naye alifikishwa mahakamani kwa sababu ya mafundisho yake mwaka 2017. Makaburi ya Shakahola yalifukuliwa mwaka 2023.