Mgongo wa Katekista



Juma hili hatukuletewa swali la katekisimu bali la mgongo. Katekista wa kigango chetu kimoja cha mbali, mtu wa makamo, ana miezi miwili hawezi kukaa kwenye benchi hadi mwisho wa ibada. Maumivu huanzia kiunoni, hushuka nyuma ya paja na kufika kwenye kidole gumba cha mguu. Amepigwa picha Mbeya, akaambiwa diski moja ya pingili za chini imechomoza na kubana mshipa wa fahamu. Ndugu zake wanataka kuuza ng'ombe wanne ili apelekwe Dar es Salaam kupasuliwa. Wengine wanasema ametupiwa kitu, na ng'ombe hao wapelekwe kwingine. Jumuiya ikatuomba tuseme neno.

Kwa hao wa pili hatukutumia muda mrefu. Sumbawanga imesemwa sana kwa habari za uchawi, hata wageni hututania wakishuka basi. Lakini mtu anayeinama tangu alfajiri akifukia majani katika yale matuta yetu ya mviringo ya Ufipa, kisha akabeba gunia la mahindi begani, hana haja ya kurogwa ndipo mgongo umsumbue.

Uti wa mgongo una diski 23. Kila moja ni kama mto mdogo kati ya pingili na pingili: nje nyuzi ngumu, ndani ute mzito. Nyuzi zikichanika, ute husukumwa nje na kuugusa mshipa unaokwenda mguuni. Ndiyo maana kosa liko kiunoni na kilio kiko kidoleni. Jambo hili lilielezwa kwa uwazi mwaka 1934 tu, na madaktari Mixter na Barr wa Boston, Marekani. Na maumivu ya mshipa huo hayachagui mtu. Marehemu Papa Fransisko aliwaambia waandishi wa habari mwaka 2013, akiwa ndani ya ndege kutoka Brazil, kwamba hilo ndilo jambo baya kuliko yote lililompata tangu achaguliwe. Na mwishoni mwa 2020 lilimzuia kuongoza ibada za kufunga na kufungua mwaka.

Sasa, je, ng'ombe wauzwe? Tulifuatana na ndugu zake hadi kwa daktari, na huko tulisikia mambo ambayo wengi wetu hatukuyatarajia. Diski nyingi za namna hii hutulia zenyewe. Mwili hunyonya taratibu ule ute uliotoka. Uholanzi, mwaka 2007, ulitangazwa utafiti wa wagonjwa 283 waliokuwa wameteseka kwa majuma 6 hadi 12. Kundi moja lilipasuliwa mapema, jingine likangoja. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi, na hilo si dogo kwa mtu asiyelala usiku. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja, watu 95 kati ya 100 katika kila kundi walisema wamepona. Tuseme pia upande wa pili, maana ndugu walitaka kuuruka: kati ya wale waliongoja, 39 katika kila 100 walishindwa kuvumilia wakapasuliwa baadaye.

Upasuaji huponya mguu zaidi kuliko kiuno. Katika parokia yetu yupo baba aliyefanyiwa miaka mitatu iliyopita. Moto wa mguuni ulizimika siku ya pili, lakini ganzi ya wayo ipo mpaka leo, na jembe la matuta amewaachia wanawe. Alimweleza katekista haya yote bila kuficha, tena akasema angelazimika kuchagua upya, angepasuliwa tena. Tulimshukuru kwa ukweli huo wa pande mbili, kwani wanaorudi hospitali mara nyingi husimulia muujiza au msiba tu.

Liko jambo moja lisilongoja kikao cha ukoo. Mgonjwa akishindwa kuzuia haja au akashindwa kukojoa, akifa ganzi sehemu za siri na makalio, au miguu yote miwili ikilegea, hiyo ni dharura, saa zinahesabiwa. Kutoka hapa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Tunduma. Basi apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku, ili rufaa ianze. Aibu ya kutaja sehemu hizo isimfungie mtu nyumbani.

Katekista wetu bado anasimama kwa visigino, na daktari amesema mguu haujapoteza nguvu. Amepewa dawa na mazoezi, akaonywa asilale kitandani kutwa bali atembee kadiri awezavyo. Baada ya majuma sita ataonwa tena. Kanyagio likianza kuburuta kabla ya hapo, arudi mara moja. Jumuiya imepanga zamu ya kumvunia maharage. Ng'ombe wawili hawatauzwa kwa lolote jingine hadi siku hiyo, ili nauli na gharama za mwanzo zisikosekane. Wawili wengine wamebaki kwa ajili ya ada za shule. Wakati huu anaongoza ibada akiwa amesimama, mgongo ukiegemea ukuta, na mahubiri yake, tunaambiwa, yamekuwa mafupi.