Sahani ya Mtu Mmoja

Akina mama wenzetu, sisi tuliokulia Kasulu na kuuguza wagonjwa Kibondo hatukuzoea kula peke yetu. Ugali wa muhogo na migebuka huwekwa katikati, mikono ikakutana. Mwaka 2019 tulifika London bila mume wala mtoto. Mlo wa kwanza ulikuwa samaki wa kukaanga na chipsi, kwenye meza ya mtu mmoja. Samaki alikuwa mnono, lakini hakushuka. Bila kufikiri tulikuwa tumemkata vipande vitano: baba, watoto watatu, na sisi.

Kesho yake tulivuka Daraja la Westminster kwa miguu hadi hospitali ya St Thomas', yenye jumba la makumbusho la Florence Nightingale, aliyeanzisha shule yake ya wauguzi mwaka 1860. Tuliona taa ya Kituruki, ya kukunja. Kumbe picha za chuoni zilitudanganya! Chemli zetu za zamu ya usiku hazifanani nayo hata kidogo.

Jioni, katika soko la Brixton, tukakuta muhogo uliopakwa nta usioze safarini. Tulinunua mmoja, tukauchemsha, kisha tukamgongea mpangaji wa chumba cha pili. Kiswahili hakujua. Alikuja na kijiko chake.