Mgonjwa akihama chumba, kazi ya muuguzi inaanza upya

Ndugu zangu wa Wamaza, nanyi jamaa mliokimbia vita mkafika kwetu, leo nawaelezea niliyoyaona nikimlinda mtoto wa dada yangu hospitalini. Jina la hospitali naliacha.

Mtoto aliingia na malaria kali, akalazwa chumba cha dharura. Saa 2 asubuhi akachomwa sindano ya kwanza ya artesuneti. Dawa hiyo ina saa zake: ya pili inafuata baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24 tangu ile ya kwanza. Jioni wakafika wagonjwa wengine, tukaambiwa tuhamie chumba cha watoto. Nikambeba, dada akashika chupa ya serumu. Hatua kama 50 tu. Niliona ni jambo dogo.

Kwa muuguzi wa usiku halikuwa dogo. Alikuwa peke yake, watoto wawili wawili kitandani. Ilibidi ampime mtoto joto upya, aangalie mshipa, ahesabu matone ya serumu, aandike kwenye daftari. Tena fishi ya mtoto ilibaki kule tulikotoka. Bila fishi hakujua kilo zake wala saa ya sindano, na kipimo cha dawa hii kinafuata kilo. Akatoka mbio kuitafuta, huku mama mmoja akilia, "Muganga, wangu ameshikwa na degedege!" Sindano ya saa 2 usiku ilichomwa karibu saa 4.

Nilikasirika, nikataka kumgombeza. Kisha nikahesabu: usiku ule alipokea wanne waliohamishwa. Kwenye hesabu ya hospitali wagonjwa ni walewale, hakuna aliyeongezeka. Kwenye miguu yake waliongezeka wanne.

Mtoto alipona. Lakini nawaomba wakubwa: mgonjwa asihame bila fishi yake, wala saa ile wauguzi wanapopokeana zamu. Nasi tunaolinda wagonjwa, hasa ninyi mliotoka upande wa Salamabila na karatasi zenu zikapotea njiani, tushike mambo matatu kichwani: kilo za mtoto, jina la dawa, na saa aliyopewa. Tusimhamishe mgonjwa wenyewe kwa sababu tumeona kitanda kizuri dirishani. Muuguzi akiuliza usiku, jibu letu linampunguzia safari moja, na dakika hizo ni za mtoto wa mwenzetu.